Maswali ya Wasomaji: Hoteli za Kizamani za Pwani ya Japani

SWALI: Nimeona picha za hoteli kubwa za pwani ya Japani zenye mazulia mekundu, vishada vya taa za vioo na madirisha mapana ya kutazama bahari, kana kwamba miaka ya sabini haijaisha. Naenda Tokyo kikazi na nitakuwa na siku mbili za mapumziko. Niende wapi? Na kwa nini hazijabadilishwa? – Msomaji, South B

JIBU: Nenda Atami, kisha Ito, mkoani Shizuoka. Kutoka Tokyo panda Shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi, ya huduma iitwayo Kodama. Utafika Atami kwa muda usiozidi saa moja. Usipande ile iitwayo Nozomi, kwa kuwa haisimami Atami. Treni ya kawaida ni nafuu zaidi lakini huchukua karibu saa mbili. Kutoka Atami hadi Ito ni mwendo wa dakika 25 hivi kwa reli ya pwani.

Shinkansen ilipoanza mwaka 1964, Atami ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Kampuni za Tokyo zikawa zinapeleka wafanyakazi huko kwa makundi, na hoteli zikajengwa kwa ajili ya makundi hayo: ukumbi wa karamu wenye mikeka ya tatami na jukwaa, baa, chumba cha michezo, duka la zawadi, vyote ndani ili mgeni asitoke nje na pesa zake. Kila biashara ilipopanda, bawa jipya liliungwa kwenye la zamani, ndiyo maana utapita ujia baada ya ujia kabla ya kufika kwenye bafu la pamoja la maji moto. Na kwa kuwa mji uko kwenye mteremko mkali, usishangae ukiingia mapokezi kisha ukashuka kwa lifti kwenda chumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi ulianguka, na safari za kampuni zikapungua. Hoteli nyingi zilikosa fedha za ukarabati, kwa hiyo zulia na taa zikabaki. Uzuri unaouona kwenye picha umehifadhiwa na ukata, na kwa maoni yetu ndiyo sababu unastahili kuonwa mapema. Jengo la Hotel New Akao la mwaka 1973, lililosimama juu ya mwamba wa Nishikigaura, lilifungwa mwaka 2021. Kwa hiyo unapoweka nafasi usitazame jina la hoteli peke yake. Uliza utalala jengo lipi: honkan ni jengo kuu, mara nyingi la awali, na shinkan ni jipya. Omba chumba cha tatami chenye hiroen, yaani ile sehemu nyembamba kando ya dirisha yenye viti viwili na meza ndogo. Vyumba vilivyofanyiwa ukarabati mara nyingi hupoteza hiyo kwanza.

Huko Ito, Sun Hatoya iko ufukweni na inajulikana kwa bafu lililopakana na tangi kubwa la samaki. Tokaikan, nyumba ya wageni ya mbao ya mwaka 1928, iliacha kulaza wageni mwaka 1997 na sasa ni jumba la makumbusho. Itengee saa nzima, hasa kwa kazi ya useremala.

Fika saa tisa alasiri. Bei hutajwa kwa kila mtu, si kwa chumba, na kwa kawaida hujumuisha chakula cha jioni na cha asubuhi, kwa hiyo anayefika saa mbili usiku huwa amelipia mlo ambao jikoni wameshaufunga. Oga kabla ya kula. Wakati uko mezani, wahudumu huja kutandika futoni, yaani godoro la kulalia sakafuni, chumbani. Ongeza kodi ya bafu, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu. Bakshishi haihitajiki.

SWALI: Mimi na mume wangu ni Waislamu. Bafu la pamoja na chakula tutafanyaje? – Dada msomaji, Eastleigh

JIBU: Dada, kwenye bafu la pamoja wanaume na wanawake hutengwa, lakini watu huoga bila nguo na mavazi ya kuogelea hayaruhusiwi. Ulizia bafu la kukodi la faragha, kashikiri, ambalo hutolewa kwa dakika 40 hadi 60. Mnajisafisha kwanza mkiwa mmeketi kwenye kigoda, kisha ndipo mnaingia majini. Kitaulo hakiingii majini. Maji huwa karibu nyuzi 41 au 42, kwa hiyo dakika tano hadi kumi zatosha kwa mara ya kwanza. Mkivaa yukata, yaani vazi jepesi la hotelini, upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia. Kinyume chake huvalishwa maiti.

Chakula ndicho kigumu zaidi. Hata samaki wa kuchemsha huwekwa mirin (kiungo kitamu cha kupikia) na sake (pombe ya mchele), vyote vyenye kileo. Andikeni wakati wa kuweka nafasi: bila nyama, bila mirin, bila sake. Mkisema mkiwa mmeshafika, mtapewa wali na mboga, kwa sababu vyakula hununuliwa kwa hesabu ya wageni. Hoteli ikikataa, chukueni chumba bila chakula.

SWALI: Majengo hayo ya zamani ni salama wakati wa tetemeko? – Mhandisi, Parklands

JIBU: Kanuni za ujenzi zilikazwa Juni 1981. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2013, hoteli kubwa zilizojengwa kabla ya kanuni hizo za 1981 zinalazimika kupimwa uimara na matokeo kutangazwa na serikali ya eneo. Yatafute kabla ya kulipa.

Chumvi ya bahari nayo hufanya kazi yake. Ikipenya hadi kwenye nondo, chuma hushika kutu, kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma, na zege hupasuka. Tazama chini ya roshani: michirizi ya kahawia iliyonyooka, au vipande vilivyobanduka, ni dalili mbaya. Tetemeko la mwaka 1923 lilileta tsunami Atami ndani ya dakika chache, kwa hiyo ukihisi mtikiso mrefu panda mlimani bila kungoja tangazo.

SWALI: Mwezi gani ni mzuri? – Msomaji, Ngara

JIBU: Januari na Februari, siku za katikati ya juma. Maua ya miti ya cherry ya Atami huchanua mapema na bei huwa chini. Epuka mwisho wa Aprili, katikati ya Agosti na usiku wa fataki. Septemba huwa na hatari ya tufani, na treni za pwani husimamishwa.