Kijiko ameamka

Mwalimu wa gredi ya pili kutoka Kayole ametungia wanafunzi wake mashairi ya ndege wa kubuni: mmoja ana umbo la mwavuli, mwingine birika, mwingine kijiko. Ubeti mmoja unaanza, "Kijiko kimeamka, kinautafuta uji." Mwenzake anasisitiza iwe "Kijiko ameamka, anautafuta uji." Nani amepatia?

Mwenzako, mwalimu. Kijiko kilicholala sahanini ni kijiko hiki. Kikishaota mbawa na kuona njaa, ni kijiko huyu. Kiswahili kimezoea hayo. Kiboko cha kuchapia ni hiki, kiboko wa mtoni ni huyu. Mwiko ni huu, lakini domomwiko, yule ndege wa majini mwenye mdomo bapa kama mwiko, ni huyu. Tena hesabu mizani, yaani silabi: "ki" ni moja, "a" ni moja. Nane zako za kila kipande ziko palepale.

Kinachonikera ni kwamba hapa Nairobi viumbe vyote vimetupwa kwenye kapu moja la "hii" na "ime-". Kuku imetaga. Paka imekunywa maziwa. Hii mtoto inalia! Juzi nilikuwa Lang'ata, karibu na uwanja wa Wilson, kijana akapaza sauti: "Ndege imeanguka!" Moyo ulinilipuka. Nikakimbia nikitafuta moshi, nikihesabu abiria kichwani. Nilichokuta ni mwewe mchanga kando ya barabara, bawa limeteguka, anahema. Herufi moja tu, "a" ya "ameanguka", ingeniokoa na hofu ile.

Ndege mwenye manyoya, wahenga walimwita nyuni, na washairi wa pwani wangali wanamwita hivyo. Wakikuyu nao wana nyoni. Neno "ndege" lilipoazimwa chombo cha angani, chombo kilipewa jina tu. "Huyu" alibaki nayo mwenye manyoya. Kumnyang'anya leo ni kumfanya bati na riveti, na mtoto anayefunzwa hivyo hatatofautisha kinachopumua na kinachotiwa mafuta.

"Kandege kameruka" ya mtaani nitaivumilia. Si sanifu, lakini anayeisema ameshika upatanisho wake tangu mwanzo hadi mwisho, na sikio lake li hai. "Ndege imeruka", kwa mwenye manyoya, siikubali hata kwa mtoto wa chekechea.

Basi rekebisha kijiko, mwalimu, kisha upitie na wengine. Birika akichemka ndipo aimbe. Na mwavuli, ikiwa anakunjua mbawa mvua inyeshapo, ni mwavuli huyu, na makinda wake ni miavuli hawa.