Aliyeniingiza ndiye aniondoe

Msomaji wa Mbagala anauliza: "Ofisini tunabishana. Wengine wanasema spamu, wengine barua taka, wengine barua chafu. Lipi sahihi? Na hilo 'Jiondoe' linalowekwa chini ya barua pepe za matangazo, ni Kiswahili fasaha?"

La kwanza ni jepesi. Barua chafu ni ya matusi, mzee wa mtaa akiisoma atavua miwani. Barua taka ni kama maji taka: hayakutukani, ila huyataki sebuleni. Spamu ilianza kama jina la nyama ya kopo ya Marekani, mwaka 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza wakaliimba jina hilo mgahawani hadi likafunika maongezi yote, na watu wa kompyuta wakaliazima kwa kero ya aina hiyo hiyo. Ukisema spamu sitakununia. Ila nachagua barua taka. Taka hii haina undugu na kutaka, lakini sikio linapenda kuzikutanisha: taka ni ile usiyoitaka.

Sasa hilo Jiondoe. Hapo, ndugu yangu, umenichokoza pabaya.

Idara za masoko za mji huu zimekishika kiambishi -ji- na haziachii. Jipatie. Jishindie. Jinyakulie. "Jishindie pikipiki!" Kwani anayeshinda pikipiki humshindia nani, jirani? "Shinda pikipiki" ilikuwa inatosha. Jinyakulie ndiyo inayonitoa jasho. Kunyakua ni kazi ya mwewe kwa kifaranga, au ya kibaka kwa pochi ya abiria aliyekaa dirishani. Mstaafu mzima, mwenye wajukuu, anaambiwa ajinyakulie blenda!

Hayo ni mapambo tu, ningeyavumilia. Lakini mwaka jana nilinunua feni Kariakoo. Muuzaji akaomba anwani yangu ya barua pepe anitumie risiti. Risiti sijaiona mpaka leo. Ninachoona kila Ijumaa ni "Mpendwa mteja, jipatie...", na chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: "Unapokea ujumbe huu kwa sababu ulijisajili."

Nilijisajili? Nilisajiliwa! Hapo -ji- imeacha kuwa pambo, imekuwa shahidi wa uongo. Tendo ni la muuzaji, sarufi inanibebesha mimi. Kisha naambiwa nijiondoe, kana kwamba nilipanda daladala kwa miguu yangu.

Sheria za wenzetu nazo zinagawanyika papo hapo. Ya Marekani ya mwaka 2003 inamruhusu mfanyabiashara akuandikie kwanza, mradi akuoneshe mlango wa kutokea. Ulaya, kwa kawaida, wanataka ridhaa kabla. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na neno ridhaa limo. Tangu Februari 2024, hata Google na Yahoo wamekaza: anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye Gmail lazima athibitishe kuwa ni yeye, aweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua zake za matangazo, na wanaomlalamikia wasifike 0.3%. Yaani mteja aliyechoshwa na "Jinyakulie" ana kura.

Na hapa kuna aibu. Zamani taka uliijua kwa lugha: mjane wa jenerali, mamilioni benki, sentensi za kuokoteza. Siku hizi tapeli anakuandikia kwenye simu, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Isikilize. Fupi, safi, haina -ji- hata moja, unadhani ni shemeji. Mwizi anaandika Kiswahili, na kampuni yenye leseni inaandika tafsiri.

Haya, hukumu. Kisarufi, "jiondoe" haina kosa: ondoa, ikatanguliwa na -ji-, ikaishia na -e kama inavyotakiwa. Kosa ni la msemaji. Kitufe anakibonyeza mpokeaji, basi kiseme kwa sauti yake: "Niondoeni." Kampuni itakayokuwa ya kwanza kuandika hivyo, nitanunua feni ya pili kwake.

Ile ya Kariakoo nilishakibonyeza kitufe chao wiki iliyopita. Jibu lilikuja dakika hiyo hiyo: "Umejiondoa. Umekosea? Jirudishe hapa."