Maswali ya Dola za Fedha: Weka Chini Hiyo Ndimu

Nina dola ya Morgan, ile ya fedha ya Marekani, ya 1881, ina zaidi ya miaka 140. Nimeukata?

Hujaukata. Kwanza geuza, utazame chini ya shada la majani. Ukiona herufi S, imetoka San Francisco, ambako mwaka huo zilipigwa zaidi ya milioni 12, na tele bado zinang'aa. Sasa chukua ya 1884 yenye S hiyohiyo. Iliyochakaa haina maajabu. Ambayo haikuzunguka kabisa mikononi mwa watu ni makumi ya maelfu ya dola, na zaidi, kwa sababu karibu zote ziliingia sokoni zikalika. Wanaojua hawanunui uzee, wananunua hali ya sarafu.

Yangu ilikuwa nyeusi, nimeisugua kwa magadi na ndimu, sasa inametameta. Bei imepanda?

Swali hili tena! Imeshuka, na hairudi. Mng'ao wa sarafu mpya hutokana na mistari midogo mno inayoachwa na pigo la kiwandani, ukiisugua, umeikwangua. Ule weusi uliokukera, wapo wanaoulipia. Kilichobaki ni gramu 24 hivi za fedha safi, mpelekee sonara. Na wewe unayesoma huku umeshika dawa ya meno, iweke chini.

Sumaku haikuinasa. Basi ni halisi?

Hata shaba na risasi hazinaswi. Pima: dola ya Morgan ni gramu 26.73, upana milimita 38.1. Ikipungua kwa sababu ya kulika, sawa, lakini ikizidi shtuka. Hata kasha la plastiki la PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha sarafu, lisikutulize, yanaghushiwa pia. Ingiza namba yake kwenye tovuti yao ulinganishe picha.

Babu alituachia dola ya 1804. Muuzaji anasema ilikuwa ya Sultani.

Za tarehe hiyo zinajulikana 16 tu duniani, na hakuna hata moja iliyopigwa 1804. Za kwanza zilitengenezwa 1834 kwa ajili ya zawadi za kidiplomasia. Kweli, Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alimpelekea zawadi Sayyid Said bin Sultan, huyuhuyu wa karafuu za Unguja, akazikabidhi Muscat 1835. Lakini sarafu inayoaminika kuwa yake iliuzwa mnadani 2021 kwa dola milioni 7.68. Haikupita kabatini kwa babu yako. Hadithi hii ya Sultani huku pwani inauzika kuliko maandazi, na kila anayeisimulia ana "dola" ya kukuuzia.

Sarafu adimu haishuki bei, sivyo?

Waulize walionunua dola ya Morgan ya 1903 iliyopigwa New Orleans. Kwa miaka mingi ilihesabiwa miongoni mwa zilizo adimu kuliko zote za Morgan. Mwishoni mwa 1962 Hazina ya Marekani ikafungua mifuko iliyolala stoo, zikamwagika kwa maelfu, bei ikaporomoka ndani ya wiki chache. Nani kakuambia haishuki? Muuzaji, bila shaka.