Wasomaji Wauliza: Mbuzi, Pilau na Kikao cha Familia

Barua za Desemba huwa hazina siri. Wengi wameuliza juu ya chakula, wachache juu ya pesa, na wawili wameuliza jambo ambalo familia nyingi hulikwepa hadi Januari. Tumeanza na mbuzi.

Swali: Mwaka huu zamu ya kupokea familia ni yetu, hapa Umoja. Tutakuwa watu wazima 30 na watoto 12. Mume wangu anasema mbuzi mmoja anatosha, shemeji anasema wawili. Nani yuko sawa? Na tumchinje hapa kwenye ploti au tununue aliyechinjwa? — *Mama wa watatu, Umoja*

Jibu: Mama, mumeo yuko sawa, mradi kuwe na pilau na mbuzi asiwe kijibuzi. Hesabu mtoto kama nusu mtu: watu 36. Penye pilau, chapati na mukimo, gramu 300 za nyama mbichi yenye mifupa zinamtosha mtu mmoja, yaani kilo 11 hivi. Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa kilo 13 au 14 akishachunwa na kutolewa matumbo, kwa sababu kama nusu ya uzito wake huondoka na ngozi, kichwa, kwato na matumbo. Kwa hiyo usiulize "mbuzi ni pesa ngapi" kabla hujauliza ana kilo ngapi. Kichwa na miguu ni supu, na supu ndiyo itakayowatuliza wageni wakisubiri choma.

Ukimnunua hai, mfungue mdomo. Meno mawili makubwa mbele, katikati ya yale madogo ya utotoni, yanaonyesha mbuzi wa mwaka mmoja na kitu, nyama yake laini. Meno manane makubwa yaliyojaa ni mzee wa supu. Vuta kope la chini la jicho: ndani pawe pekundu, pakiwa peupe ana minyoo na hana damu. Mbuzi anayejitenga, anayeharisha au anayetokwa na damu puani si wa sherehe. Aliyekufa mwenyewe haguswi kabisa, kwani kimeta huua na watu pia.

Sisi tungekushauri usichinjie kwenye ploti. Damu na kinyesi vitaziba mtaro wa majirani wote, na hakuna mkaguzi wa kuangalia maini na mapafu. Nenda Kiamaiko, upande wa Huruma, tarehe 24 asubuhi na mapema, uchukue aliyepigwa mhuri wa ukaguzi. Mwombe mwenye bucha amtundike kwenye friji yake hadi kesho. Hili la kutundika ndilo wengi hulisahau. Mnyama akishachinjwa misuli hukakamaa baada ya saa chache, kisha hulegea polepole kufikia siku ya pili. Mbuzi aliyechinjwa saa tatu asubuhi akaliwa saa nane mchana atawachosha watu taya, na mchomaji atalaumiwa bure.

Kwenye moto, subiri makaa yavae majivu meupe. Weka kiganja mahali nyama itakapokaa: ukiweza kuvumilia sekunde nne au tano, moto ni sawa, ukiondoa mkono mara moja, nyama itaungua nje na kubaki mbichi mfupani. Mguu mzima huchukua saa moja au zaidi, mbavu nusu saa hadi dakika 40, kwa hiyo mguu utangulie. Chumvi nyunyiza ya maji karibu na mwisho. Mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu, ichemshwe kwanza hadi ikaze, ndipo ichomwe, na iliwe siku hiyo hiyo. Ya kesho mpe jalala.

Swali: Kila Krismasi pilau yangu ya watu wachache hutoka vizuri, lakini nikipika ya umati, chini inakuwa uji na juu mchele unalia mdomoni. Nakosea wapi? — *Msomaji, Eastleigh*

Jibu: Hukosei mapishi, unakosea sufuria. Mchele ukipita kina cha shibiri moja, uzito wa juu huponda wa chini, na mvuke haufiki juu kwa nguvu ile ile. Kwa watu 36 wenye chakula kingine pembeni pika kilo 4 za mchele, lakini uzigawe sufuria mbili pana badala ya moja ndefu. Kasoro ya pili ni maji. Sufuria kubwa haipotezi mvuke kwa kiasi cha sufuria ndogo, kwa hiyo ukizidisha maji kama ulivyozidisha mchele unapata uji. Pishori ya Mwea isiyolowekwa: kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha maji, supu ya nyama ikiwa ndani ya hesabu hiyo. Kilo 4 ni kama vikombe 20, basi maji yote ni vikombe 30, lita saba na nusu. Ukiloweka, punguza.

Vipimo vya kilo 4: nyama ya ng'ombe kilo 3, vitunguu maji kilo 2, viazi kilo 2, mafuta kama nusu lita, kitunguu saumu gramu 200, tangawizi gramu 150, bizari nyembamba vijiko 6 vya mezani, pilipili manga vijiko 2, mdalasini vijiti 6, karafuu 20 na iliki 20. Kaanga viungo vikavu kwa dakika mbili tu kabla ya kutwanga. Vikianza kutoa moshi vimeshaharibika, vitupe uanze upya.

Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu, haitoki kwenye pakiti. Kaanga vitunguu kwa mikupuo miwili au mitatu. Vikirundikwa vyote pamoja hutoa maji, vikachemka badala ya kukaangika, na pilau inatoka ya kijivu kama wali wa hospitali. Vikoroge dakika 25 hadi viwe kahawia ya chai ya rangi, si nyeusi, maana vikifika nyeusi uchungu hauondoki. Halafu saumu na tangawizi, nyama na viungo, kisha maji. Onja supu ikichemka: iwe na chumvi kidogo kuzidi unavyoipenda, kwa sababu mchele utainywa. Mchele uingie maji yakitokota. Yakikaribia kukauka, geuza mara moja tu kutoka chini kwenda juu, funika, punguza moto wa chini hadi makaa machache, na makaa mengine yapalie juu ya kifuniko. Dakika 20. Usifunue kuchungulia.

Itakayobaki isilale mezani. Baada ya saa mbili nje ianze kwenda kwenye friji, imetandazwa kwenye vyombo vifupi. Wali uliokaa vuguvugu hufuga vijidudu vinavyoacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Swali: Nimechaguliwa kukusanya michango ya familia kwa M-Pesa. Mwaka jana aliyekusanya alishukiwa kula pesa na hadi leo haongei na dada yake. Nifanye nini yasinipate? — *Kitinda mimba, Kawangware*

Jibu: Kwanza kabisa, kama una deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kwenye laini yako, usipokee hata shilingi. Pesa yoyote ikiingia, deni hukatwa hapo hapo, na shangazi aliyetuma elfu mbili ataona kwenye daftari pungufu ambalo huna maneno ya kulieleza. Lipa deni kwanza au tumia laini ya ndugu asiye nalo. Inawezekana hata aliyekuwa na pesa mwaka jana hakula kitu.

Pili, mwenye kushika pesa asiwe mwenye kuandika. Wewe shika, binamu aandike: jina, kiasi, tarehe, msimbo wa muamala. Kila Jumapili jioni binamu aweke kwenye kikundi cha WhatsApp jumla na waliotuma. Orodha ya wasiotuma isiwekwe. Hao wapigiwe simu mmoja mmoja, kwa sababu kuna asiyelipwa mshahara tangu Oktoba na hatasema mbele ya watu. Mwachie kumenya viazi au kuchukua mbuzi Kiamaiko, na jina lake liandikwe kwenye daftari pamoja na wengine.

Weka siku ya mwisho, tarehe 10 Desemba, kabla ya Jamhuri, maana baada ya hapo nauli za kwenda ushago hupanda na kila mtu ana udhuru. Ada za kutoa pesa ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Na mkubaliane sasa, sherehe ikiwa bado mbali, masalio yatakwenda wapi. Pendekezo letu: yalipe sare na daftari za mtoto mmoja anayerudi shule wakati wa Njaanuari.

Swali: Baba anataka mwaka huu tukae kama familia tutafakari mwaka kabla ya kula. Mara ya mwisho tulifika kwenye habari za shamba, kaka akanywa, na mama akalia. Kuna namna ya kufanya hili bila vita? — *Binti wa tatu, Kikuyu*

Jibu: Ipo, na nusu yake ni saa. Kaeni saa nne asubuhi, baada ya chai na kabla ya nyama, na pombe ibaki garini. Saa moja na robo inatosha. Baba afungue kwa sala na afunge kwa baraka, lakini asiongoze. Mwenye nyumba akiongoza, kila hoja inageuka kuwa ya kumpinga au kumtetea. Muwekeni mtu wa katikati kiumri, mwenye saa mkononi na asiye na kesi na yeyote. Wewe huenda unafaa.

Mzunguko wa kwanza: kila mtu dakika mbili, aseme jambo moja lililomfurahisha mwaka huu na moja lililomwelemea. Hakuna kujibu, hakuna kushauri, hata "pole" isubiri mwisho. Waanze watoto, kwa sababu mtoto akisema ukweli wakubwa huona aibu kuhutubia. Waliofariki mwaka huo watajwe hapa kwa majina, na kimya kidogo.

Mzunguko wa pili ni daftari. Msomeeni kila mtu yaliyoamuliwa mwaka jana na mseme lipi lilifanyika. Hapa ndipo familia nyingi hugundua kwamba "tulikubaliana" ya kila mmoja ni tofauti, kwa sababu hakuna aliyeandika. Kama mwaka jana hamkuandika, semeni hivyo na mwanze leo.

Mzunguko wa tatu: maamuzi yasiyozidi matatu. Kila moja liwe na jina la mtu na tarehe. "Tumsaidie bibi" si uamuzi. "Wanjiku atampeleka bibi kliniki ya macho kabla ya 15 Februari, Kimani atalipa" ni uamuzi. (Majina ni ya mfano.)

Shamba halimo kwenye kikao hiki. Mtu akilianzisha, mwongozaji ampe tarehe nyingine palepale, iandikwe, na siku hiyo watu waje na hati, ramani ya mpimaji na shahidi mmoja. Mkilikataza bila kulipangia siku yake, litarudi jikoni wakati wa kuosha vyombo. Kuhusu kaka, mpe kazi ya kuandika kumbukumbu. Aliyeshika kalamu huwa hapigi meza.

Mlio na ndugu ng'ambo, angalieni saa. Saa nne asubuhi ya Nairobi ni saa moja asubuhi London, sawa kabisa, na Doha ni saa ile ile yetu. Lakini Minneapolis ni saa saba usiku. Huyo atume sauti yake ya dakika mbili jana yake, ichezwe zamu yake ikifika.

Swali: Mama yetu alifariki Agosti. Wadogo zangu wanataka Krismasi kama kawaida, mimi naona ni kumsahau haraka. — *Kifungua mimba, Buruburu*

Jibu: Pole sana. Kughairi kila kitu kutawaacha kila mmoja na huzuni yake chumbani kwake, na kufanya kama kawaida kutawafanya wote waigize. Punguzeni: msialike mbali, hema isiwepo, spika zisiwepo. Pikeni chakula kimoja alichokuwa akikipika yeye, kwa mkono wa aliyejifunza kwake, na mmoja asome au asimulie habari zake kabla ya kula. Kaburi likiwa karibu, mwende asubuhi mpalilie, mrudi. Na mgawane mapema kazi alizokuwa akizifanya bila kuombwa: nani ataamka kuweka chai, nani atapigia simu wajomba. Pengo la mama hujitokeza hapo kabla ya mahali pengine popote.

Swali: Tunafunga nyumba wiki mbili twende Busia. Tuzime nini? — *Msomaji, Kayole*

Jibu: Funga gesi kwenye mtungi, si kwenye jiko pekee. Friji ukiizima, itoe vyote, ikaushe na uache mlango wazi, la sivyo utarudi kwenye ukungu. Ukiiacha ikifanya kazi, hesabu tokeni za umeme za siku 14 na uongeze za siku tatu. Lakini kinacholeta hasara kubwa mitaa yenye mgao ni mfereji. Mtu hufungua, anakuta maji hayapo, anaondoka bila kufunga. Maji yanarudi tarehe 27 saa tisa usiku, ndoo inafurika, na jirani wa chini anaamshwa na dari yake. Funga valvu kuu karibu na mita, halafu fungua kila mfereji kidogo, usikie kama kuna hata tone linalotoka.