Dada wa Mbarara, weka chini hiyo samli

Salamu tutapeana baadaye. Umeandika kwamba kasuku wako wa kijivu amerudi juzi kutoka kwa mtu uliyemwachia wiki mbili, kifua kimebaki ngozi tupu, chini ya bawa kuna vijidonda viwili, na mtu huyo anakwambia ni manyoya yanabadilika tu, mpake samli na manjano, daktari msubiri Jumatatu. Nilipofika hapo nikasimama wima. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, hadi nikadhani ni mtu mmoja anazunguka Uganda nzima.

Wangu anaitwa Konda, maana akiwa barazani kwetu Kabale alijifunza kuita abiria: "Katuna! Katuna!" Nilikwenda Arua kwenye harusi ya mdogo wangu, siku kumi, nikamwacha kwa bwana mmoja aliyejiita mtaalamu wa ndege. Niliporudi nikamkuta kifua wazi, mkia umebaki vijiti viwili, na kimya. Bwana akasema, "Ni msimu wake, mzee, anabadilisha manyoya." Nikakubali! Mtu mzima, mwenye shahada, nikakubali kwamba ndege anaweza kuvua kifua kizima kwa siku kumi. Kasuku mzima hubadilisha manyoya polepole, moja hapa, moja pale, na jipya linaota mahali pake. Ukiona ngozi, huo si msimu.

Basi ikaja samli. Nilimpaka jioni kwa vidole viwili nikijiona daktari. Kumbe manyoya ndiyo blanketi la ndege, yanashika hewa katikati na kuulinda mwili wenye joto la nyuzi 41 hivi. Yakilowa mafuta yanalala, hewa inatoka, na ndege anakuwa kama mtu aliyejifunika shuka bichi. Tena Kabale, mwezi wa Julai! Zaidi ya hapo, ndege hujichambua kwa mdomo, kwa hiyo kila ulichompaka anakila. Nilipoona anatetemeka nikaongeza ujinga juu ya ujinga, nikamwosha kwa sabuni ya vyombo saa tano usiku. Alfajiri nikamkuta chini ya tundu, amejifutua kama mpira, macho nusu.

Ungedhani hapo nilikimbia. Wapi. Nilikaa siku mbili zaidi nikimkorogea unga wa dawa ya kuku. Siku ya nne ndiyo nikapanda basi la Kampala, karibu kilomita 400, Konda ndani ya boksi lenye matundu, pembeni chupa ya maji ya moto niliyoizungushia taulo. Abiria wa nyuma akaniuliza namuuza shilingi ngapi.

Daktari hakuanza na kifua, alianza na kichwa. Kichwa kilikuwa na manyoya yote, akasema basi kifua kajinyonyoa mwenyewe kwa hofu na upweke, kwa sababu mdomo wake haufiki kichwani. Kama kichwa nacho kingekuwa na upara, angefikiria ndege mwingine aliyemdonoa, au virusi vya manyoya na mdomo, ambavyo havina dawa. Nenda kaangalie kichwa cha wako, nakusubiri.

Kisha akainua bawa, akaona vitundu viwili. "Kule alikokuwa kuna paka?"

Walikuwepo watatu. Mate ya paka yana bakteria wanaoweza kumuua ndege upesi sana, na tundu la jino ni dogo, linaziba juu huku usaha ukibaki ndani. Antibiotiki ilitakiwa siku ile ile. Mimi nilileta mgonjwa siku ya nne, tena ameungwa kwa viungo vya pilau. Walimkata ncha ya bawa la kushoto. Alikuwa gramu 430 kabla ya safari yangu, mizani ya daktari ikasoma 352. Nililipa laki sita na nusu, nikathubutu kuuliza kama manjano yalisaidia chochote. Akasema rangi imependeza.

Yule bwana nilimpigia simu. Kwanza hakuwa na paka. Baadaye paka wakawepo, ila "huwa wanacheza tu". Wanacheza! Nimemlipa elfu kumi kwa siku alishe paka wake kwa bawa la ndege wangu, na mpaka leo anapokea ndege za watu.

Kwa hiyo sikia, dada: jeraha la ndege halipakwi kitu chenye mafuta, na halingoji Jumatatu. Si samli, si Vaselini, si mafuta ya nazi ya shangazi. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika mbili tatu bila kuchungulia chungulia. Ndege wa gramu 400 ana damu kama mililita 40 tu mwilini, kijiko kimoja cha chai kwake ni kingi. Boksi, giza, joto, safari. Piga simu kwanza uulize kama daktari anatibu ndege, maana wengine ni wa ng'ombe tu, na watakwambia mpe dawa ya kuku.

Kama unamkwepa daktari kwa sababu huna kibali cha UWA, yaani Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ni kweli kasuku hawa wanalindwa, na kuwauza nje waliokamatwa porini kumepigwa marufuku tangu 2017. Lishughulikie hilo, lakini si leo. Leo bawa.

Uliuliza pia kuhusu tundu, chakula, na wa kumwachia Desemba. Chakula, usimpe parachichi, ni sumu kwake. Tundu nitarudi kukujibu. Desemba mimi sisafiri tena, Arua waje wao.

Ila hukusema: huyo mtu wako ana paka? Na sasa hivi ni saa ngapi huko, gari la mwisho limeshaondoka?