Pete za geji: maswali ya wenye Roadster

Safari hii karibu kila aliyeniandikia ana gari moja: Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa za kuchomoza, iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1989 na kuuzwa kwao Japani kwa jina la Eunos Roadster. Na wote wanataka kitu kimoja, kuvisha pete za kung'aa geji zao, zile duara za dashibodi zinazoonyesha spidi, mafuta na kadhalika. Nimechagua maswali saba.

*Fundi, hizi pete zina kazi yoyote au ni urembo tu? (Tanga)*

Kwenye gari lako ni urembo mtupu. Asili yake lakini ilikuwa kazi. Katika magari madogo ya michezo ya Kiingereza, akina MG na Triumph, kila geji ilikuwa kopo lake la duara, na pete ya chuma ndiyo iliyobana kioo kwenye kopo. Geji nyingi za Smiths, kampuni ya Uingereza, za enzi hizo ukizungusha pete tu, inachomoka. Mazda walipotengeneza Roadster waliyatazama sana magari hayo, ila geji zote wakazitia ndani ya nyumba moja ya plastiki yenye kioo kimoja, nacho cha plastiki. Kwa hiyo pete unayonunua leo inaigiza kazi ambayo haipo tena. Mimi sioni ubaya. Hata mkufu haushikilii shingo.

*Nimepata seti ya pete tano, mbili kubwa na tatu ndogo. Fundi wa mtaani kwetu anataka kubandua dashibodi kwa bisibisi bapa. Nimwachie? (Mombasa)*

Usimwachie! Plastiki ya miaka thelathini na ushee ni kama biskuti. Kofia inayofunika mita, yaani nyumba nzima ya geji, ina skrubu mbili chini ya ukingo wake. Ukishazitoa unaivuta taratibu kuelekea kwako, kwa mikono miwili, bila kuchokonoa. Kabla ya hapo lakini toa waya hasi wa betri, hasa kama usukani wako una mfuko wa hewa, kisha kanywe chai, umeme uliobaki uishe. Na mita ikiwa mezani usiwashe swichi "kujaribu kidogo tu". Gari lenye mfuko wa hewa likiona taa yake ya onyo haipo, linaweza kuweka hitilafu kwenye kumbukumbu, halafu taa hiyo ikusumbue baadaye.

Ukitoa skrubu za nyumba ya mita yenyewe, inasogea mbele kidogo halafu inagoma. Hapo ndipo watu huvunja. Kinachoizuia ni kebo ya spidi, maana gari hili bado linatumia kebo inayozunguka kutoka gia boksi. Pitisha mkono nyuma, bonyeza kishikizo chake, ichomoe, kisha ndiyo utoe soketi za waya. Ukihisi usukani unakubana, legeza nguzo yake ishuke kidogo. Ni kazi ya dakika chache na inaokoa vidole. Skrubu zipange juu ya karatasi kwa mpangilio uliozitoa. Hazilingani urefu, na ndefu ikiingia penye fupi utasikia "ta!" ambayo hutaisahau.

Mita ikiwa mezani, kioo hutoka kwa kufungua vibanio vya pembeni, kimoja kimoja. Jaribu pete zote tano kabla ya kupaka chochote. Na mishale usiiguse hata kwa pumzi. Ukiupinda au kuung'oa mmoja, spidi utakayosoma baadaye ni ya kubahatisha.

*Nilitumia supa gluu, asubuhi nikakuta kioo kina ukungu mweupe ndani. Nini kimetokea? Huku joto ni kali, niliogopa utepe wa gundi wa pande mbili. (Muscat)*

Pole sana, na karibu kwenye chama, kwa sababu mimi niliharibu kioo cha kwanza hivyo hivyo. Supa gluu inapokauka hutoa mvuke, na ukiufungia mvuke huo ndani ya nyumba ya mita unatua kwenye plastiki na kuwa utando mweupe. Usiufute kwa tina (thinner ya rangi) wala petroli, kioo kitapasukapasuka vinyufa vidogo. Ukiwa juujuu, dawa ya kung'arishia plastiki na kitambaa laini huuondoa.

Kuhusu joto uko sahihi: dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inalegeza utepe wa kawaida wa pande mbili. Tumia gundi ya kuchanganya mirija miwili, nukta tatu ndogo kwa kila pete, na uache mita wazi usiku kucha kabla ya kurudisha kioo. Silikoni inafaa pia, ila si ile inayonuka siki. Asidi yake inakula shaba, na nyuma ya geji kuna njia nyingi za shaba.

*Pete za kromu inayong'aa kama kioo au za alumini isiyong'aa sana? (Kampala)*

Isiyong'aa. Gari hili paa lake hukunjwa, na ukilikunja, jua la saa saba likipiga kromu linarudi machoni kwako.

*Shikamoo fundi. Nimerudisha kila kitu, pete zimependeza, ila mshale wa spidi umelala na kilomita hazihesabu. Nimeua mita? (Dar es Salaam)*

Marahaba. Hujaua kitu, kebo haijaingia mpaka mwisho. Ncha yake ni ya pembe nne. Izungushe kidogo kwa vidole huku ukisukuma, mpaka usikie kishikizo kimeshika. Ila kama mshale unachezacheza ukiwa umesimama, na umetoka kupangusa kioo kwa kitambaa kikavu, huo ni umeme tuli tu. Pangusa na kitambaa chenye unyevu, utatulia.

*Nikiwa nimeshafungua, niweke na balbu za LED? (Nakuru)*

Za mwanga wa usiku, sawa. Ya alama ya betri iache ya zamani. Katika magari mengi ya umri huo, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoamsha altaneta, ile mashine inayochaji betri, na LED hupitisha kidogo mno.

*Mimi nina Vitz, si gari la michezo. Pete zitakaa? (Morogoro)*

Kama ni ile yenye spidi ya tarakimu katikati ya dashibodi, utaivisha wapi, ndugu yangu? Haina duara hata moja. Hiyo hela tia tairi.