Kabla ya Kuuliza Mshahara, Uliza Zamu

Wadogo zangu wanaomaliza udaktari huniuliza: nibaki Pemba, nihamie Unguja, nivuke bara au nitafute njia ya Ulaya? Wengi huanzia kwenye mshahara. Mshahara ni haki ya mtu, na anayefanya kazi usiku kucha alipwe inavyostahili. Lakini miaka yangu wodini hapa Pemba imenionesha kuwa pesa peke yake haimtulizi daktari.

Marekani inawalipa madaktari vizuri kuliko karibu nchi zote, na bado wanalalamikia uchovu, makaratasi ya bima na saa wanazomalizia kwenye kompyuta badala ya kwa mgonjwa. Wanaosomea ubingwa kule waliwekewa kikomo mwaka 2003: wastani wa saa 80 kwa wiki. Na hicho ndicho kikomo! Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema 48. Uingereza madaktari vijana waligoma Machi 2023 kwa sababu mishahara yao ilikuwa imeliwa na kupanda kwa bei. Majirani zetu wa Kenya walianza mgomo Desemba 2016, ukafika siku 100. Walidai malipo, na walidai pia mazingira bora ya kazi.

Kwetu, kinachomvunja daktari moyo zaidi ni kujua la kufanya na kukosa cha kufanyia. Saa nane za usiku mama amejifungua, damu haikatiki. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, umeshampa, tumbo unalikanda, mkunga kashika dripu. Damu ya kundi lake haimo kwenye friji, na mumewe yuko nje anawapigia ndugu simu mmoja mmoja waje kutoa. Akipona, unatembea na furaha hiyo mwezi mzima. Asipopona, hakuna posho ya kukufuta usiku ule.

Kwa hiyo kabla hujasaini, nenda kaitembelee hospitali siku ya kazi. Omba kuiona orodha ya zamu: wangapi wanagawana usiku, na aliyekesha anapumzika kesho yake au anaendelea na kliniki? Habari za dawa muulize mfamasia wa stoo. Muulize aliyeondoka kwa nini aliondoka.

Swali ninaloliona kubwa kuliko yote: ukikwama usiku, utampigia nani? Daktari kijana aliye karibu na bingwa anayepokea simu bila kumfokea husonga mbele haraka. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar kwa awamu tangu miaka ya 1960, na hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani ni moja ya vituo vyao. Ukipangiwa mahali kama hapo, simama nao kwenye upasuaji kila upatapo nafasi.

Ruhusa ya masomo iombe kwa maandishi, maana ahadi ya mdomo huondoka na mkuu aliyeitoa. Na kama una mke au mume, siku ya kutembelea nenda naye. Akaione nyumba, maji, skuli ya watoto na njia ya kwenda kazini usiku. Yeye ndiye atakayeishi na zamu zako.